Mstari Mmoja, Watu Wawili

Jumatatu asubuhi karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa ghala, na Luhende Mashimba akaisoma mara tatu kabla ya kukubali kwamba hayumo.

Ilikuwa karatasi ndefu, ile yenye matundu pembeni, na ilibeba majina ya watu watakaobaki kazini mwekezaji akishavichukua vituo tisa vya pamba. Lukasi mpakia marobota alikuwemo. Mwaija mfagiaji alikuwemo. Hata Chenge mlinzi, ambaye kila mtu kituoni alimjua kwa kulala zamu, alikuwemo, tena jina lake limetoka na wino mzito kuliko ya wenzake.

Luhende alikuwa na miaka arobaini na mitano, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye mashine za kuchambulia pamba. Yeye ndiye aliyekuwa akizivalisha rola ngozi, zile rola zinazovuta nyuzi na kuacha mbegu nyuma. Mashine ikianza kutafuna mbegu, hakuna aliyefungua kitabu. Waliitwa watu wawili: kwanza Mungu, halafu Luhende.

"Labda umekufa," Chenge alimwambia. "Nenda kaulize ofisini. Mtu anaweza kufa asipewe taarifa."

"Na wewe umebaki kufanya kazi gani? Kukoroma?"

"Nakoroma, ndiyo. Lakini nimo."

Ofisi ya uhakiki ilikuwa Mkuyuni, kwenye stoo ya zamani ya magunia. Alikwenda kwa miguu, na kufika saa nne alikuwa amekwisha kutukana watu wengi kichwani. Ndani alimkuta binti wa Bukoba anaitwa Odeta, mbele ya kompyuta, amevaa sweta kwa sababu ya feni iliyowekwa kuipoza mashine na siyo kumpoza yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Jina langu halipo ukutani."

"Jina?"

"Luhende Mashimba."

Akabonyeza vitufe. Kioo kikamwaga herufi za kijani. Odeta akakunja uso, kisha akaukunjua.

"Umo, baba. Shida yako siyo kukosekana. Shida yako umo mara mbili, ndiyo maana mashine haikukuchapa."

Luhende alichungulia kioo. Kweli, kulikuwa na mistari miwili. Wa juu: Luhende Mashimba, 1950, Usagara. Wa chini: Ruhende Masimba, 1950, Usagara.

"Huyu wa chini ni nani?"

"Mashine inasema ni wewe."

"Mashine inanijua mimi? Tumekutana wapi?"

Odeta akacheka, akamvutia kigoda. Alikuwa binti mvumilivu, na ilionekana ameshaulizwa maswali ya namna hiyo na watu wengi. Akamweleza kwamba vituo tisa vilileta orodha tisa, na kila karani aliandika jina jinsi lilivyomwingia sikioni. Mtu huyo huyo, kwenye orodha ya zahanati ni Ruhende, kwenye orodha ya sare ni Luhendi, kwenye orodha ya chama cha wafanyakazi ameandikwa kwa mkato hata mkewe asimjue. Ukizihesabu orodha zilivyo, kiwanda kina watu elfu tatu. Ukihesabu vichwa, hawafiki elfu moja na mia nne.

"Kwa hiyo nimeipa mashine sikio," alisema. "Kila jina inalitupia mbali a, e, i, o, u. Inatupa na h. Zinazobaki inazipa namba kwa jinsi zinavyosikika mdomoni. M na N zinafanana, nimezipa tano. D na T ni tatu. S, iwe peke yake au na h, ni mbili. Programu ilipokuja kutoka Ulaya, L ilikuwa na namba yake na R yake. Nikaona huku kwetu itatuua. Nikazipa zote nne."

"Sasa mimi ninakuwa nani?"

"Luhende ni nne, tano, tatu. Mashimba ni tano, mbili, tano, moja. Na huyu wa chini ni hivyo hivyo. Halafu mashine inatazama mwaka, inatazama kijiji, inatazama shule. Vyote vikikutana, inasema hawa si wawili, ni mmoja."

Namba alizielewa, maana hata rola zina namba. Alichoshindwa kuelewa ni kitu kingine.

"Shule ipi?"

"Wa chini ana cheti cha darasa la nane. Amesoma darasa la kwanza mpaka la nne Usagara, 1958 hadi 1961. Na wewe fomu yako inasema hivyo hivyo, ila umeishia la nne."

"Yuko kituo gani?"

"Ukerewe. Karani wa mizani."

"Binti yangu, mimi Ukerewe sijakanyaga. Nikipanda meli natapika."

Hapo akatoka chumba cha pili Bwana Venant, afisa utumishi aliyeletwa kutoka Dar kwa kazi hiyo, mtu wa suruali yenye mstari na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amesikia yote.

"Hadithi hiyo nimeisikia leo mara ya sita," alisema. "Watu mmejiandikisha vituo viwili viwili. Huku fundi, kule karani. Hewa tupu. Mstari wenye cheti ndio utakaobaki. Una cheti?"

"Sina."

"Cha ubatizo?"

"Baba alikataa tusibatizwe. Mama amebatizwa uzeeni."

"Basi unataka nikujue kwa nini?"

Luhende akaweka mikono yote miwili juu ya meza, na vidole vyake vilivyopindishwa na ngozi mbichi na nyundo. Bwana Venant akaitazama kama mtu aliyeletewa samaki ambaye hakuagiza.

"Nitampigia redio mtu wa Ukerewe aje," alisema mwishowe. "Ijumaa saa nne orodha inakwenda kwa mwekezaji. Baada ya hapo hata mimi siwezi kuingiza mtu."

Siku tatu Luhende hakula vizuri. Mkewe Modesta alimuuliza kama ana mke mwingine Ukerewe, akamjibu hana. Akamuuliza tena usiku, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa. Na ajabu ni kwamba Luhende mwenyewe alianza kujichunguza. Mashine ile haikuwa na ugomvi naye. Haikumjua, haikutaka kazi yake. Kama kitu kisicho na chuki kinasema wewe uko Ukerewe unapima pamba, mtu unaanza wapi kukibishia?

Alhamisi mchana alikuwa amekaa kwa mama ntilie karibu na ile ofisi, mbele ya wali na sangara ambao hakuugusa, akamwona mtu mrefu mwembamba, amevaa koti, anakuja ameinamisha kichwa. Mtu yule alisimama mbele yake akaanza kulia kabla hajasalimia.

"Luhende," alisema. "Ni mimi Ngosha."

Kwanza Luhende hakuelewa. Ngosha alikuwa mtoto wa jirani yao Usagara. Kwao kulikuwa na njaa, akawa anakula kwa kina Luhende na kulala kwenye ngozi moja naye. Walikuwa darasa moja. Kisha mwaka ule wa mtihani wa darasa la nne akaondoka kwenda shule ya kati, na hakuonekana tena kijijini. Watu walisema amekufa kwa ndui.

"Wewe si ulikufa?"

"Sikufa. Nilikuwa wewe."

Luhende akasukuma sahani pembeni. "Kaa. Sema kama mtu."

Ngosha akakaa, akaeleza, na kila alichoeleza Luhende alikuwa amekiona nusu yake kwa macho yake mwenyewe bila kujua anaona nini. Mtihani ule Luhende alifaulu. Mwalimu mkuu alikuja kwa baiskeli kuleta habari. Mzee Mashimba akasema ng'ombe sabini hawachungwi na cheti, mtoto hatoki. Mwalimu hakutaka nafasi ya shule yake ipotee, maana walifaulu wawili tu. Ngosha alikuwa amefeli. Mwalimu akasema: nafasi iko kwa jina la Luhende, atakayekwenda aende na hilo jina. Baba yake Ngosha akaleta beberu, mzee Mashimba akapokea, mambo yakaisha.

Beberu yule Luhende alimkumbuka. Alirudi na ng'ombe jioni akakuta nyama, akala sana. Alijua Ngosha amekwenda shule. Hakujua amekwenda kama nani.

"Kwa nini hukurudi hata siku moja?"

"Nirudi niitweje? Shuleni mimi Luhende, kazini Luhende. Mke wangu ananiita Luhende. Binti yangu ni mwalimu, anaitwa Suzana Luhende. Kijijini mngeniita Ngosha mbele yao, ningejieleza vipi? Nilimzika baba yangu kwa barua."

Luhende alitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa. Lakini alipomtazama usoni aliona jinsi mtu yule alivyokuwa akiusubiri mkono huo, kama ameufuata kwa meli kutoka kisiwani, akaushusha akaufuta kwenye suruali.

"Twende kwa binti wa mashine," alisema. "Akuone. Akiona tuko wawili, yameisha."

Hayakuisha. Odeta aliwatazama, akatazama kioo, akawatazama tena, na uso wake ukazidi kuwa mgumu.

"Mngekuwa mtu mmoja ingekuwa nafuu," alisema kwa sauti ndogo. "Mtu mmoja nafuta mstari mmoja. Watu wawili, mwaka mmoja, kijiji kimoja, shule moja, majina yale yale, maana yake mmoja anatumia vyeti vya mwenzake. Bwana Venant akijua, anawasimamisha wote wawili, faili linakwenda polisi. Na Ijumaa ni kesho."

"Mimi sina cheti cha mtu," Luhende alisema. "Mimi sina cheti chochote!"

"Najua, baba. Ndiyo maana utakuwa wa kwanza kutoka."

Akili ya Luhende ikagoma kama mashine yenye pamba mbichi. Alikuwa na jina lake tangu kuzaliwa, hakuliazima, hakuliuza, na sasa atafukuzwa kazi kwa sababu analo.

Odeta alikuwa anagonga kalamu kwenye meno. "Kuna namna moja tu," alisema, kama anaongea na kioo, "ambayo watu wawili wanakuwa na hivi vyote sawa na hakuna kosa. Wiki ya kwanza mashine iliwaunganisha kina Kulwa na kina Doto wote wa vituo tisa, kwa kuwa huku mapacha hamna uhaba nao. Nikaiwekea safu ya herufi P. Ikiona P, inawaacha." Akageuka. "Nyie ni mapacha?"

"Ndiyo," Ngosha alisema, kabla Luhende hajafunga mdomo.

Odeta aliwatazama kwa zamu. Mmoja mrefu, mwembamba, maji ya kunde. Mwingine mfupi, mweusi, mpana kama robota.

"Na wote mnaitwa Luhende?"

Ngosha alikuwa karani kweli. Hakumeza hata mate. "Luhende ni baba. Mashimba ni babu. Sisi ni Kulwa na Doto. Makarani wanachoka na kina Kulwa, wanaandika jina la baba na la babu tu."

"Hilo kweli wanafanya," alisema Odeta.

Luhende alitoka nje akasimama juani. Kwa maneno yale machache baba yake Mashimba alikuwa amefanywa babu yake, na yeye Luhende amefanywa baba yake mwenyewe. Dorotea, bintiye wa kwanza, sasa alikuwa nani? Mjukuu wake au dada yake? Alijaribu kuhesabu kwa vidole, vikamtosha lakini havikumsaidia.

"Umenifanya mtoto wangu mwenyewe!" alimfokea Ngosha aliyemfuata nje.

"Nimekufanya mtu mwenye kazi."

"Jina langu umelitumia miaka thelathini na tatu, leo unalihamisha kama kiti!"

"Nitajie njia nyingine nami nitaifuata. Ukisema nikajitoe, ninaingia sasa hivi."

Luhende hakuwa na njia nyingine. Angeweza kuingia akasema: huyu ni Ngosha, mwizi. Alilifikiria neno hilo muda mrefu. Lakini hata beberu alikuwa ameliwa na nani?

Bwana Venant, alipoelezwa, alisema mapacha gani hawa, mmoja mlingoti na mwingine kisiki. Odeta akamjibu kwamba si mapacha wote hufanana, bwana. Basi, akasema Bwana Venant, wamletee mama yao kesho kabla ya saa nne. Kama ni mapacha, yupo aliyewazaa.

Jioni ile Luhende alikwenda Usagara. Mama yake Paskazia alikuwa anapepeta mpunga. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nimebatizwa juzi. Siwezi kwenda kudanganya mbele ya ofisi." Akaendelea kupepeta. Luhende akalala huko, na alfajiri alimkuta mama amevaa kitenge cha kanisani na kukaa mlangoni anamsubiri. Hakusema atasema nini. Njia nzima alihesabu rozari.

Saa tatu na nusu walikuwa mbele ya Bwana Venant. Umeme wa mgawo ungekatika saa nne kamili, na Odeta alikuwa ameshafungua faili, vidole viko juu ya vitufe. Ngosha alipomwona mama alipiga goti. Mama hakumtazama.

"Mama, shikamoo," alisema Bwana Venant. "Hawa wawili ni mapacha wako?"

Mama akajibu kwa Kisukuma. Alisema taratibu, kwa kirefu, akinyoosha kidole. Bwana Venant akatazama huku na huku.

"Nani anajua Kisukuma hapa?"

"Mlinzi," alisema Odeta. "Amekwenda chai."

"Tafsiri wewe, fundi. Haraka, umeme unakwenda."

Luhende alisimama katikati ya chumba. Mama yake alikuwa amesema hivi: huyu mfupi nilimzaa mimi, mwaka wa njaa, peke yake, na hakuna aliyetoka pamoja naye. Huyu mrefu ni wa jirani. Alikula kwangu, alilala kwangu, nikampenda, akachukua jina la mwanangu akaondoka nalo, hakurudi hata kuniamkia, na mimi nilimlilia nikidhani amekufa.

Alikuwa na maneno yote ya Kiswahili ya kusema hayo. Akiyasema, jina linarudi kwake, zima, na baba yake anarudi kuwa baba yake. Na Ngosha anatoka mlangoni na polisi, na mwalimu Suzana kule kisiwani anaamka kesho hajui ni mtoto wa nani. Labda na yeye mwenyewe anatoka pia, maana faili ni moja. Labda siyo. Hakujua. Tangu Jumatatu hakuna kitu alichokuwa na uhakika nacho.

"Anasema," alianza. Akakohoa. "Anasema wote wamekula kwake na kulala kwake. Anasema huyu mmoja alipoondoka alilia."

"Niliuliza kama ni mapacha."

"Anasema ni wake wote."

Mama yake alikuwa amemkazia macho. Luhende alikumbuka, akiwa amechelewa kabisa, kwamba mama anauza mpunga sokoni kila wiki kwa watu wa makabila yote, na hauuzi kwa ishara.

Odeta alimtazama bibi, akamtazama Luhende. "Mimi mashine yangu haijui Kisukuma," alisema, akabonyeza P mara moja, na tena P. "Inauliza nani wa kwanza. Kulwa ni yupi?"

Hilo hawakuwa wamepanga.

"Mimi," Luhende alisema.

"Mimi," Ngosha alisema wakati huo huo.

"Wewe? Kwa lipi?" Luhende akamgeukia kwa hasira yote ya siku nne. "Wewe utanitangulia mimi kwa mama yangu?"

"Cheti changu ndicho kitakachoingia, kwa hiyo..."

"Kulwa ni huyo mrefu," alisema mama, kwa Kiswahili safi.

Bwana Venant aliinua kichwa. Mama alikuwa ameshasimama, anaukaza mkanda wa kitenge.

"Huyu mfupi ameniezekea nyumba peke yake tangu baba yao afe. Amenizikia watu, amenilimia. Kama ana mkubwa wake, mimi nimefurahi sana kusikia. Basi mkubwa aje Jumamosi na nyasi na kamba. Upande wa jikoni unavuja."

"Nitakuja, mayu," alisema Ngosha, bado yuko chini.

"Na mke wako. Na huyo mwalimu. Waje wanijue."

Odeta akaandika. Mashine ya kuchapa ikaanza kukereza karatasi, ikatoa mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, na kabla haijamaliza ukurasa umeme ukakatika. Lakini mistari ile miwili ilikuwa imekwisha kutoka. Bwana Venant akaikata kwa rula, akatia sahihi na kuondoka bila kuaga.

Luhende aliichukua nakala akaisoma pale dirishani. Kazi ilikuwepo: fundi wa rola, kituo kile kile. Mbele yake liliandikwa jina Doto Luhende Mashimba. Alilisoma tena kwa sauti ya chini, kama anavyolisoma mtu aliyetumwa kumtafuta mwenye jina hilo na hajui aanzie nyumba gani. Nje mama yake alikuwa anamwita. Aliita jina la zamani, na watu wawili wakaitika.